Uzi: Kusafisha dohani za nyumba za zamani bila kuzibomoa. Vifaa gani vinafaa?

#1 FundiChokaa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Huku Lushoto baridi imeanza kuaga na simu zimeanza kuingia. Wenye nyumba kongwe, hasa zile za enzi za Mjerumani na Mwingereza, wanataka dohani zisafishwe, na swali la kwanza ni lilelile: "Fundi, una brashi ya waya?" Ninayo. Kwa nyumba hizo huwa naiacha stoo. Nimeona dohani nyingi zikifa kwa kusafishwa kuliko kwa moto wenyewe, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Tuanzie ukutani. Dohani kongwe kwa kawaida haina bomba ndani, si la udongo wala la chuma. Ni matofali ya kuchoma au mawe yaliyoungwa kwa udongo au chokaa, kisha njia ya moshi ikapigwa plasta nyembamba ya chokaa. Waingereza kwao walikuwa wakiichanganya chokaa hiyo na kinyesi cha ng'ombe ili isipasuke kwa joto. Hiyo plasta ndiyo inayozuia moshi usipenye kwenye viungo ukaingia chumbani au darini. Sasa ipige miaka themanini ya moshi, mvua za masika na matetemeko madogomadogo, halafu uipitishie waya wa chuma. Masizi yatashuka, na plasta itashuka nayo.

Kwa hiyo mimi nachagua kifaa kilicho dhaifu kuliko ukuta. Kama lazima kimoja kiishe, iishe brashi.

Kabla ya kununua chochote, chukua tochi na kioo kidogo. Zima moto siku moja kabla, ingiza mkono juu ya meko, elekeza kioo juu uangalie. Kama njia imenyooka utaona mwanga wa mbingu. Kama haionekani, kuna kona, kiota, au tofali limekaa njiani. Kisha chukua msumari, kwaruza kiungo cha matofali pale mkono unapofika. Kikidondoka unga kwa msukumo mdogo tu, hapo waya ni marufuku. Mwisho pima upana wa njia, pande zote mbili, maana nyingi ni za pembe nne na si za duara.

Vifaa ninavyotumia:

Ya kwanza ni brashi ya nyuzi za plastiki, nailoni au polipropilini. Hapa watu wanakosea saizi. Kwa waya unachukua brashi inayolingana na tundu. Kwa nyuzi laini ukichukua inayolingana, inapita katikati hewani na kurudi ikiwa safi. Inatakiwa iwe pana kuliko njia kwa kiasi cha kutosha, ili nyuzi zijikunje, zilalie ukuta na kuingia pembeni. Pembe nne za dohani ndizo zinazoficha masizi.

Ya pili ni ya nyuzi za mimea. Wasafishaji wa Uingereza mpaka leo wanatumia brashi za nyuzi ngumu za mvumo kutoka India. Sisi tuna chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi. Unachukua chelewa zilizokomaa, unazikata ziwe urefu mmoja, unazipanga kuzunguka kipande cha mti mgumu na kuzibana kwa kamba ya katani. Mtu wa Tanga akikosa katani ajiulize mara mbili. Brashi hii inafaa sana kwa masizi makavu ya unga, na ikichakaa unatengeneza nyingine kwa bei ya soda. Kwa masizi yaliyoganda haifai.

Fito za kusukumia: mwanzi mkavu unatosha kama dohani ni fupi na imenyooka. Kama ina kona, tafuta fito za plastiki zinazopinda, zinazoungana kwa skrubu. Zungusha kulia siku zote. KULIA. Ukizungusha kushoto unajifungulia skrubu mwenyewe, unavuta fito inakuja tupu, na brashi imebaki katikati ya dohani ya mtu. Zipo pia za kufunga kwa kitufe, hizo hazina hofu hiyo ila bei imechangamka.

Na kuna njia ya kamba mbili, ambayo mimi ndiyo naipenda kwa dohani iliyonyooka. Brashi katikati, kamba moja inakwenda juu kwa mtu aliye paani, nyingine inashuka kwa mtu aliye mekoni. Mnavuta kwa zamu, taratibu. Hakuna kitu kizito kinachogonga ukuta.

Visivyoingia kwenye begi langu: mnyororo, jiwe ndani ya gunia, tawi la miiba, na maji. Ndiyo, maji. Kuna watu wanapandisha mpira wa maji juu ya paa. Masizi ya kuni yakilowa yanatoa maji ya kahawia yenye asidi, yanapenya kwenye chokaa, na baada ya mwezi doa linajitokeza sebuleni kwenye rangi mpya. Hilo doa halifutiki kwa kupaka rangi juu yake.

Jambo la mwisho kwa leo, na kwangu ndilo kubwa. Ukimaliza kusafisha usikimbilie kukunja turubai. Chuchumaa usome kilichoanguka. Unga mweusi ni masizi, safi. Vipande vyeusi vigumu vinavyovunjika kwa kidole ni masizi yaliyoanza kuwa lami. Ukiona mchanga wa kijivu au vigamba vyeupe, hiyo ni plasta. Ukiona vumbi jekundu, umeshafika kwenye tofali. Mimi hupitisha brashi mara mbili tatu, nasoma, ndipo naamua kama niendelee au nibadilishe kifaa.

Karibuni.

#2 shabiki_wa_Soni

Nimeweka kambi. Nyumba ya babu ina dohani mbili na tangu nipate akili sijaona mtu akizigusa. Tulikuwa tunawaza kuwasha moto Krismasi.

#3 FundiChokaa

Mkuu usiwashe. Angalia kwanza kama imezibwa juu. Nyumba nyingi zilizokaa bila moto zimewekewa bati au jiwe juu ya dohani kuzuia mvua, na wenyewe wamesahau. Moshi wote utarudi kwenu sebuleni pamoja na ile hewa ya sumu isiyo na harufu.

#4 Mbena_Halisi

Mleta uzi nakuheshimu, ila kwenye mnyororo tutagombana kidogo.

Njombe baridi si ya maigizo. Kuanzia Mei moto unawaka kila usiku, na kuni zetu ni paini, miwati na mikaratusi, nyingine zimekatwa wiki hiyohiyo. Masizi ya huku si unga. Ni lami imeganda inang'aa kama imepigwa vanishi. Hiyo brashi yako ya nailoni itateleza juu yake ikitoka imepakwa mafuta tu. Mimi nafunga mnyororo mfupi kwenye drili, naupandisha kwa fito, dakika chache dohani nyeupe pee. Nyumba nilizofanya zote zimesimama mpaka leo.

#5 FundiChokaa

Mkuu Mbena, hiyo "nyeupe pee" ndiyo inayonitisha. Dohani ya kuni iliyosafishwa vizuri haiwi nyeupe. Inabaki nyeusi au ya kahawia, ila imekauka na haina kinachoning'inia. Ukiona weupe umeshaingia kwenye plasta.

Na kusimama si kipimo. Dohani nyingi za zamani zina njia mbili au tatu ndani ya mnara mmoja, ya sebule, ya chumba, ya jikoni. Kinachozitenga ni ukuta wa tofali moja lililolazwa kwa ubavu, kama sentimita 10 hivi. Mnyororo unaozunguka unapiga palepale penye udhaifu. Tofali likitoka, kwa nje huoni kitu, mnara umesimama vizuri tu. Ila moto ukiwashwa sebuleni, moshi unatokea kwenye meko ya chumbani ambako watoto wamelala.

Jaribu hivi ukimaliza kazi inayofuata. Washa nyasi mbichi kidogo mekoni zitoe moshi mzito, mtu wa juu afunike mdomo wa dohani kwa gunia lililolowa kwa muda mfupi, wewe zunguka vyumba vyote na upande darini. Moshi utakuonyesha mwenyewe unapovuja. Madirisha yawe wazi na asiwepo mtu amelala ndani.

Kuhusu lami iliyoganda una hoja, narudi hapo.

#6 Mdigo_Hamburg

Wakuu salaam kutoka Ujerumani. Huku usafishaji wa dohani si hiari. Kuna fundi aliyepewa eneo, anakuja kukagua, na ukimkatalia mlango unaandikiwa barua. Zamani ulikuwa unalazimika kumtumia huyohuyo kwa kila kitu, tangu 2013 unaweza kumchagua mwingine wa kusafisha, ila ukaguzi rasmi bado ni wa yule wa eneo. Wanavaa nguo nyeusi na kofia ndefu, na watu wanaamini ukikutana naye asubuhi ni bahati. Jirani yangu bibi mmoja lazima amguse kifungo cha koti.

Wao wengi hufanya kazi kutokea juu ya paa: kamba, tufe la chuma la kuvuta uzito, na brashi ya duara. Kwa hiyo huenda hata hizo nyumba za Lushoto zilisafishwa hivyo mwanzoni. Ila nimemuuliza fundi wetu, akasema kwenye dohani ya tofali kongwe yenye kona hataki tufe zito, maana likiyumba linagonga kona ileile kila mwaka.

Hayo masizi ya kung'aa ya ndugu yangu wa Njombe huku wanayaogopa kuliko kitu chochote. Wakati mwingine wanayachoma makusudi, moto wa kudhibitiwa, fundi yupo na zimamoto wamearifiwa. Naomba mtu asisome hapa akajaribu nyumbani! Moto wa ndani ya dohani unapita nyuzijoto 1,000, na nyumba za zamani zina maboriti yaliyochomekwa ndani ya ukuta wa dohani wenyewe.

#7 Mwl_Bonde

Nimefurahi kuona uzi wa maana. Niongeze historia kidogo, inahusu vifaa hivihivi.

Uingereza ya zamani "brashi" ilikuwa mtoto. Vijana wadogo, wengine wa miaka sita au saba, walipandishwa ndani ya dohani wakwangue masizi kwa mikono na magoti. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London akaandika kwamba wasafisha dohani wanapata saratani ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Inahesabiwa kuwa mara ya kwanza saratani kuunganishwa na kazi ya mtu. Mwaka 1803 George Smart akatengeneza mashine ya fito na brashi, na mwaka 1828 Joseph Glass wa Bristol akaiboresha mpaka ikafanana na hizi mnazozijadili. Lakini matajiri wengi waliikataa, wakisema mtoto anasafisha vizuri zaidi na mashine itachafua mazulia. Mpaka 1875, kijana George Brewster alipokufa baada ya kukwama kwenye dohani ya hospitali ya Fulbourn, karibu na Cambridge, ndipo Bunge likatunga sheria yenye meno.

Kwa hiyo fito na brashi laini vimekuja ili binadamu asiingie mle. Nashangaa nikisikia mpaka leo mtu anamwinua kijana wake aingie kichwa na mabega "akwangue kidogo".

#8 Dogo_Ngarenaro

Mwalimu umenitisha kwenye hiyo ya 1775 aisee 😅 Kuanzia leo nafua bukta mara mbili.

Swali kwa fundi. Bibi yangu anasema ukichoma maganda ya viazi na chumvi dohani inajisafisha yenyewe, hakuna haja ya brashi wala nini. Kweli?

#9 FundiChokaa

Dogo, cheka lakini vaa barakoa, si kitambaa cha kufungia mdomo. Na miwani. Masizi yameorodheshwa na Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, si mambo ya 1775 tu. Nguo za kazi zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, oga kabla ya kukaa mezani.

Bibi mpe shikamoo yangu. Maganda makavu yakiwaka kwa nguvu yanaweza kulegeza masizi kidogo, lakini hayaondoi. Masizi yaliyolegea yanaanguka kwenye ule ukingo wa nyuma ya koo la dohani na kubaki hapo. Chumvi siitaki kabisa. Inakula chuma cha mlango wa hewa, inaingia kwenye chokaa, na kila mvua ikija ukuta unatoa unga mweupe.

#10 MamaLimuru

Hamjambo majirani. Mimi niko Kenya, Limuru, nyumba ya mawe iliyojengwa na mkulima Mzungu wakati wa ukoloni. Tulihamia juzi tu. Nimesoma hapa nikaenda kuchukua kioo cha kujipodoa, nikaangalia, nikaona weusi mtupu.

Fundi aliyekuja wa kwanza aliniambia lazima abomoe apige simiti ndani yote. Wa pili alikuja na mashine ya kunyonya vumbi ya nyumbani, akanyonya, na ile mashine ikapuliza masizi kutoka nyuma mpaka pazia zikageuka. Nimechoka. Niko na maswali mawili: hiyo simiti ni ya lazima? Na kuni za saiprasi ni mbaya vile watu husema?

#11 FundiChokaa

Mama pole sana kwa mapazia.

Mashine ya kawaida haina kichujio cha kuzuia chembe ndogo namna hiyo, zinapita moja kwa moja. Ama itumike ile yenye kichujio maalumu cha vumbi laini, ama iachwe. Mimi naning'iniza shuka nzito mbele ya meko, nalibana juu kwa ubao na pembeni kwa utepe, natoboa tundu moja la kupitishia fito. Baada ya kusafisha nasubiri saa nzima vumbi litulie ndipo nafungua. Masizi yakokotwe kwa koleo taratibu hadi kwenye ndoo yenye mfuniko, usifagie kwa nguvu.

Simenti hapana. Simenti ni ngumu na haipumui, jiwe au tofali la zamani ni laini. Joto likipanda vyote vinatanuka, simenti inakataa, kinachopasuka ni tofali. Palipobomoka parudishwe kwa chokaa na mchanga, kama alivyofanya mjenzi wa mwanzo wa nyumba. Kama hali ni mbaya sana kote, kuna suala la kushusha bomba la chuma kisichoshika kutu ndani ya dohani, lakini hilo ni baada ya ukaguzi.

Saiprasi na paini zinasingiziwa. Zina utomvu, ndiyo, ila kinachojaza lami dohani ni kuni mbichi na moto uliobanwa hewa ukafuka usiku kucha. Moshi unapanda ukiwa wa baridi, unakutana na ukuta wa baridi, unaganda. Kuni zikatwe, zipasuliwe, zipangwe chini ya bati upepo upite, angalau msimu mzima. Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kuna vipimo vidogo vya kuchoma kwenye kuni, si ghali. Usipokuwa nacho, gonganisha vipande viwili: kikavu kinalia, kibichi kinatoa mlio uliofifia.

#12 binti_Mufindi

Nami nina swali. Nyumba yetu ya wageni ina dohani kongwe ya matofali, lakini miaka ya karibuni waliingiza jiko la chuma lenye mlango wa kioo, na ndani ya dohani wakashusha bomba la chuma lisiloshika kutu. Kijana wa hapa anatumia brashi ya waya kwa sababu "ni chuma kwa chuma". Na upande wa jikoni kuna bomba la kijivu la zamani, nadhani la asbesto.

#13 FundiChokaa

Dada, hapo hasa ndipo nailoni inapotakiwa. Waya wa chuma cha kawaida unakwaruza hilo bomba na kuacha chembechembe zake ndani ya mikwaruzo. Chembe zinashika kutu, na kutu inaanza kula bomba lililouzwa kama halishiki kutu. Nyuzi za plastiki tu, na jiko liwe limepoa kabisa, maana nyuzi hizo zinayeyuka. Mabomba hayo yakiwa ya kujikunja yana mabati membamba ndani, ukisikia brashi imekwama usilazimishe.

Bomba la kijivu: kama ni asbesto, usilipige brashi ya aina yoyote, usilikate, usilitoboe. Acheni kulitumia na mtafute wataalamu wa kuondoa asbesto. Hata chelewa ni ukatili mahali pale.

#14 Mrina_Asali

Mimi ni mfugaji nyuki Tabora, dohani nimeziona kwa kuitwa kutoa makundi. Mmesahau wapangaji!

Nyuki wanapenda dohani iliyoachwa: giza, kavu, mdomo mdogo. Kabla hujapandisha fito simama nje jioni dakika chache uangalie mdomo wa juu. Ukiona wanaingia na kutoka, weka brashi chini. Ukiwachokoza kwa chini wanashukia sebuleni wote. Na usidhani utawafukuza kwa moto mkubwa. Nta inayeyuka, inachuruzika na kushika moto ndani ya dohani, asali inabaki ukutani na kuita siafu na panya. Mwite mrina asali aje jioni wakiwa wametulia, atoe masega yote. Masega yakibaki, kundi lingine litakuja kwa harufu.

Mbayuwayu nao hujenga mle. Kama kuna makinda subirini waruke.

#15 shabiki_wa_Soni

Nimetoka nje kuangalia kama alivyosema Mrina. Wapo 😳 Asante Mungu hatukuwasha. Kaka yangu alishanunua kiberiti na soseji.

#16 Mbena_Halisi

Fundi uliahidi kurudi kwenye lami. Nasubiri. Na usiniambie nisubiri kuni zikauke, mteja ameshalipa nusu.

#17 FundiChokaa

Nimerudi, umeme ulikatika.

Lami iliyoganda haitoki kwa siku moja bila kuumiza ukuta, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa hiyo nusu. Moto usiwashwe kwanza. Wataalamu wa Marekani wanasema masizi yakifika unene wa milimita 3 dohani isafishwe, na yakiwa ya kung'aa hata chini ya hapo ni hatari, kwa sababu hayo ndiyo yanayowaka. Ukisikia dohani inanguruma, funga hewa ya jiko, toa watu nje, piga 114 Zimamoto. Usimwage maji kutoka juu, tofali lenye moto likikutana na maji linapasuka palepale.

Sasa kifaa. Badala ya mnyororo, tafuta kichwa cha kuzungusha chenye vipande vya uzi wa nailoni, uzi uleule mnene wa mashine ya kufyekea majani. Wenzetu wa Uingereza wanautumia sana siku hizi hata kwenye dohani za matofali. Fito lazima ziwe zile za kitufe, zinazotengenezwa kwa kazi ya kuzungushwa, na drili iwe ya mwendo mdogo. Anzia chini, panda taratibu, usisimame mahali pamoja. Mwendo ukiwa mkubwa hata nailoni inachimba, kwa hiyo usijisifu kwamba umeacha chuma halafu ukabonyeza drili mpaka mwisho.

Pita mara ya kwanza, soma turubai. Ikitoka lami tu, vizuri, endelea. Vikianza vigamba vyeupe, simama hata kama lami imebaki. Pale chini mkono unapofika tumia kikwangulio cha mti mgumu au plastiki. Huko nje kuna unga na dawa za kupaka zinazoigeuza lami iwe ya kuvunjika ndipo brashi ipite. Ukizipata, soma maelekezo yake, na hakikisha zimeandikwa kuwa zinafaa kwa dohani ya matofali. Kama lami ni nene kiasi cha kuziba na ukuta umechoka, jibu la kweli ni kutowasha moto kwenye dohani hiyo mpaka ipate bomba la ndani. Najua mteja hapendi kusikia hilo.

#18 Mdigo_Hamburg

Nakazia hapo kwenye mwendo wa drili. Na muda wa kusafisha: nyumbani Tanga wengi wanasubiri mpaka baridi ianze ndipo wanamtafuta fundi. Bora Septemba, baridi ikiisha tu. Masizi yakiachwa mle kipindi chote cha vuli na masika yananyonya unyevu na kuila chokaa wakati hakuna hata anayewasha moto.

#19 MamaLimuru

Nimepata kijana wa hapa, nimemsomea huu uzi wote kwenye simu kama Biblia. Ametengeneza brashi ya chelewa, akaongeza na ya nailoni tuliyonunua mjini. Kilichoanguka kwanza kilikuwa kiota kizee, kisha unga mweusi kama debe moja, halafu vipande vidogo vya rangi ya kijivu, vina mchanga ndani. Nikamwambia asimame. Alishangaa kidogo. Sasa hivyo vya kijivu vilitoka kwa wingi upande mmoja tu, ule wa ukuta wa nje.

#20 FundiChokaa

Umefanya vizuri kumsimamisha, mama. Upande wa nje ndio unaopigwa na mvua. Mwambie apande aangalie kofia ya dohani na lile bati linalokutana na paa, kuna mahali maji yanaingia. Azibe hapo kwanza, aache ukuta ukauke, ndipo apige chokaa. Akipiga chokaa juu ya ukuta unaovuja utamlipa tena mwakani. Na masizi hayo yasiende kwenye sukumawiki, achimbe shimo mbali na kisima.

#21 Mbena_Halisi

Haya, uzi wa mashine ya majani ninao hata sasa hivi gereji. Drili yangu ina mwendo wa kupunguza. Nitajaribu kwa huyu mteja wa kesho. Ila kazi ya dakika kumi sasa inakuwa ya siku mbili na turubai na kijana wa kusimama paani. Nani anamlipa huyo kijana?

#22 FundiChokaa

Mwenye nyumba. Muandikie mistari miwili kwenye karatasi ya bei: kusafisha kwa siku mbili ni kiasi gani, na kujenga upya ukuta wa kati wa dohani ni kiasi gani. Halafu mwachie kalamu achague.

#23 Mbena_Halisi

😂😂 Fundi wewe ni mfanyabiashara. Nitaleta majibu keshokutwa, na picha ya turubai.